Mgonjwa Tuliyemsitiri

Mazungumzo ya wakili mmoja wa Malindi mbele ya wazee wa mtaa, akina mama na vijana, katika ukumbi wa mtaa wa Shella, Malindi. Yameandikwa kutoka kwenye kinasa sauti.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zetu wasio Waislamu, hamjambo? Bwana chifu, wazee wangu, mama zangu mlioshika upande wote wa feni, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wenye safari, karibuni ndani, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya watu wanaoua wakiwa hawana akili zao. Aliyeniomba aliniambia hivi: "Wakili, hebu waeleze watu kwa nini mtu anaua halafu nyinyi mnamtoa mkisema ni kichaa." Najua wengi mmekuja na swali hilohilo, basi nilijibu mapema tulipishe. Hatumtoi. Kwa sheria ya Kenya, mtu aliyeua, na mahakama ikakubali kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, harudi nyumbani jioni ile. Huenda akakaa ndani miaka mingi kuliko aliyeua akiwa mzima. Nitafika huko.

Nililojia hasa ni jingine, na pengine halitawafurahisha. Katika kazi yangu nimeona utetezi huu ukianguka mara nyingi, na ukiufuata nyuma unakuta ulianguka zamani, nyumbani, siku ile familia ilipoamua kumsitiri mgonjwa wao asijulikane.

Tuanze na tunalolijua. Kila aliyepita chuoni amefundishwa hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Mafakihi wakajenga juu yake kwamba mwendawazimu akiua, hauawi kwa kisasi. Dia ya aliyekufa, yaani fidia ya damu wanayolipwa warithi wake, hata hivyo, haianguki. Walichokhitilafiana ni nani ailipe, yeye kutoka katika mali yake au jamaa zake. Nalitaja la dia makusudi, kwa sababu watu hushika habari ya kalamu wakaiacha ya dia. Muuaji anaweza kuwa hana dhambi na aliyefiwa bado akawa na haki yake.

Lakini Kadhi wetu hasikizi kesi za mauaji. Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo. Mauaji ni ya Mahakama Kuu, na sheria yake ni Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930. Nayo ina kalamu yake.

Kifungu cha 11 kinasema kila mtu huhesabiwa kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu cha 12 kinasema mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa, wakati wa kutenda, maradhi yaliyoshika akili yake yalimfanya asiweze kufahamu anachokifanya, au asiweze kujua kwamba hapaswi kukifanya. Wakati wa kutenda. Si wiki iliyotangulia, wala si leo akiwa kizimbani. Na kuwa na maradhi peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kuwa na miaka kumi ya dawa, na siku ile akawa anajua barabara anachokifanya na kwamba ni haramu. Huyo atahukumiwa kama mimi na wewe.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Katika kesi ya jinai, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye wazimu, mzigo unahamia kwa mshtakiwa. Hadaiwi kuondoa kila shaka. Inatosha aonyeshe kuwa yaelekea zaidi alikuwa hivyo kuliko kutokuwa. Lakini lazima alete kitu mezani. Na huyu tunayemtaka alete kitu ndiye mgonjwa mwenyewe, hakumbuki, au anakumbuka mambo ambayo hayakuwa. Ataletewa na nani kama si watu wa nyumbani?

Niwape kisa cha sheria hii ilikotoka, maana si cha kwetu na kina faida. Tarehe 20 Januari 1843, mjini London, fundi mmoja wa kukereza mbao kutoka Uskoti, Daniel M'Naghten, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Wengi walishika kwamba alimdhania kuwa ndiye Peel mwenyewe. M'Naghten aliamini chama cha Tory, chama cha Peel huyo, kinamwandama kila aendako, hakimpi usingizi, kinataka kumuua. Drummond alikufa baada ya siku chache. Raia waliokaa kusikiliza kesi wakaamua hana hatia kwa sababu ya wazimu, na mji ukachafuka, Malkia Victoria akiwa mmoja wa waliochukizwa. Majaji wakaitwa mbele ya Baraza la Malodi waeleze sheria inasema nini hasa, na majibu waliyoyatoa mwaka uleule ndiyo yaliyopanda meli pamoja na ukoloni, yakatushukia sisi. Ukikisoma kifungu cha 12 leo unawasikia wazee wale wa 1843.

Watu hukomea hapo. Hawaulizi M'Naghten alikwenda wapi. Huyu "asiye na hatia" alifungiwa hospitali ya Bethlem, akahamishiwa Broadmoor mwaka 1864, akafa huko 1865. Miaka 22, hakurudi kwao.

Halafu 1882 mtu mwingine, Roderick Maclean, akamfyatulia Malkia mwenyewe bastola pale Windsor, akamkosa. Naye akaonekana hana hatia kwa wazimu. Malkia hakulimeza hilo. Mwaka uliofuata Bunge likabadili sheria ili uamuzi uwe "ana hatia lakini ni mwendawazimu." Waingereza wenyewe waliuacha uamuzi huo mwaka 1964. Sisi tumebaki nao katika kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kama mtu anayetunza koti la baba mkubwa ambaye mwenyewe alishalitupa.

Na kifungu hicho kinafanya nini? Jaji akiamua hivyo, hatoi kifungo cha miaka kadhaa. Anaripoti kwa Rais, na mtu anawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, au jela, au mahali pengine pa salama, kungoja amri ya Rais. Hospitali yenyewe tukiitaja ni Mathari, Nairobi, upande wa ulinzi mkali. Msimamizi wake huandika ripoti baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ripoti ikilala kwenye meza ya mtu, mgonjwa naye amelala. Aliyefungwa miaka 15 ana siku za kuhesabu. Huyu hana.

Majaji wetu wameliona jambo hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu ilisema kwamba kumweka mtu ndani bila ukomo, na neno la mwisho likawa la Rais badala ya mahakama, ni kinyume cha Katiba. Wako majaji wengine waliofuata njia hiyo, wakatoa amri zao wenyewe za matibabu na za lini faili irudi mbele yao. Na wako waliofuata kifungu kama kilivyoandikwa. Kwa hiyo bahati ya mgonjwa wako inategemea pia ameangukia chumba gani cha mahakama. Si jambo zuri kulisema wakili hadharani, lakini ndilo lililopo.

Mzee wangu, nakuona unatikisa kichwa. Unasema, basi ya nini kuutumia utetezi wenyewe? Kwa sababu upande wa pili ni kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kifo. Ni kweli hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, na ni kweli tangu Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji. Anaweza kumsikiliza mtu na hali yake kabla ya kupima adhabu. Lakini jela haina daktari wa kumkalia mgonjwa. Mtu atatoka huko na maradhi yaleyale aliyoingia nayo, au hatatoka.

Haya. Turudi nyumbani, ndiko nilikotaka kufika.

Tuchukulie kijana wa hapa petu. Simsemi mtu. Alipokuwa kidato cha tatu alianza kuzungumza peke yake. Halali. Anatembea ufuoni usiku mpaka upande wa mnara wa Vasco da Gama na kurudi. Anasema dada yake anamtilia kitu kwenye chai. Mama akamwita shekhe akamsomea, akapewa kombe anywe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Ndugu wa mama akasema, hili si la shekhe, akapelekwa kwa mganga. Mwaka wa pili akavunja mlango, wakamfunga kamba chumba cha uani siku kadhaa, redio ikawekwa sauti ya juu majirani wasisikie. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ina wasichana wawili wa kuposwa. Nani ataposa kwenye nyumba ya kichaa?

Simkatazi mtu kusoma. Kwetu pia tunasomewa, na mimi nimekunywa kombe. Ninachosema mbele yenu kama wakili ni kwamba kombe halina tarehe. Ukishalinywa limekwisha. Halina muhuri, halina jina la aliyekuona wala alichokiona. Kadi ya kliniki ina tarehe, ina jina la dawa, ina sahihi ya muuguzi. Kijana yule angepelekwa hospitali hata mara mbili katika miaka ile, pamoja na kusomewa kwake, karatasi mbili zile zingekuja kusema mahakamani yale ambayo yeye hawezi kuyasema.

Siku moja, Mwenyezi Mungu atuepushe, akachukua mchi akampiga nao dada yake kichwani. Polisi wanafika. Maiti uani, watu wamejaa barazani, na askari anaanza kuandika. "Alikuwa mtu wa namna gani?" Na hapa, jamani, ndipo kesi nyingi zinapokwisha kabla hazijaanza. Baba kwa hasira anasema, "Huyu ni jeuri tu, ameharibikiwa na madawa." Mjomba anasema walikuwa na ugomvi juu ya kiwanja. Mama hasemi kitu. Taarifa zinaandikwa, zinatiwa sahihi. Upande wa mashtaka umepata mtu mzima, jeuri, mwenye sababu ya kuua.

Miaka miwili mitatu inapita, kesi inasikizwa. Mama anaingia kizimba cha mashahidi analia: mwanangu ni mgonjwa, ana maradhi tangu shule. Kiongozi wa mashtaka anasimama kwa adabu kabisa, anamsomea taarifa ya mumewe ya siku ile, kisha anamuuliza: "Mama, kuna daktari aliyewahi kumwona? Chifu aliwahi kuambiwa? Jirani yeyote anajua?" Hapana. Hapana. Hapana. Jaji ana nini mkononi? Ana machozi ya mama, ambayo kila mama wa mshtakiwa anayo.

Mtaniambia: si hupimwa akili na daktari? Hupimwa. Na watu wa Malindi mnalijua hilo kuliko wengine kwa ajili ya kesi ya vifo vya msitu wa Shakahola. Januari 2024 Mahakama Kuu hapa Malindi iliamuru mhubiri Paul Mackenzie na wenzake wapimwe akili kabla ya kusomewa mashtaka ya kuwaua watoto 191. Mwezi wa Februari waliposimamishwa, mmoja wao alikuwa ameonekana hawezi kujibu mashtaka kwa hali yake ya akili. Kesi yenyewe sitaigusa, ni ya majaji. Nataka mkitazame kipimo. Kinauliza: leo hii, mtu huyu anafahamu anashtakiwa nini? Anaweza kumweleza wakili wake habari zake? Asipoweza, kesi inasimama kwanza, atibiwe. Akiweza, kesi inaendelea. Hakiulizi siku ya tukio alikuwa katika hali gani.

Sasa chukua kijana wetu. Amekaa rumande wiki kadhaa. Ametulia, pengine amepewa dawa. Anachukuliwa mpaka hospitali ya Port Reitz, Mombasa, au kwa daktari mwingine. Anataja jina lake, anajua leo ni siku gani na Rais ni nani. Daktari anaandika kwamba anaweza kujibu mashtaka, na daktari hajakosea. Karatasi ile ni ya kweli kwa siku ile. Lakini familia inapoambiwa "daktari amesema ni mzima," inakata tamaa, inadhani mlango wa kifungu cha 12 umefungwa. Haujafungwa. Swali la siku ya tukio halijaulizwa bado.

Ndugu zetu wa Lamu wana taabu zaidi. Mtu akikamatwa Amu au Faza huvushwa kwa boti hadi Mokowe, halafu barabara hadi Garsen iliko Mahakama Kuu, na daktari wa magonjwa ya akili si wa kukutwa kila kituo. Siku zinakwenda. Kila siku inayokwenda, hali aliyokuwa nayo saa ile inazidi kufifia, na anayeikumbuka ni jirani tu.

Ndiyo maana namtaka jirani. Jaji hafungwi na neno la daktari. Hutazama mwenendo wote: kabla, saa yenyewe, na baada. Alikuwa na kisa na marehemu? Alivizia? Aliosha nguo, akatupa panga kisimani, akapanda matatu? Au alikutwa amekaa palepale kando ya maiti anazungumza naye? Kwa maoni yangu, jirani aliyemwona baada ya nusu saa ana la kusema kuliko daktari aliyemwona baada ya mwezi. Lakini jirani huyo ndiye tuliyemwekea redio asisikie.

Nikirudi kwa baba aliyesema "madawa." Vijana wa mlangoni wanacheka, walikuwa wanangoja nifike hapa. Mwaka 2024 kaunti za Pwani zilijaribu kuupiga marufuku muguka, majani yale ya kutafuna, mkaona mambo yalivyoishia mahakamani. Unga, nasema heroini, mnaujua, bangi mnaijua, mnazi ndio huo. Kifungu cha 13 kinasema kulewa kwa hiari yako si utetezi. Utafaa tu kama ulileweshwa bila ridhaa yako kwa ubaya au uzembe wa mtu mwingine, au kama ulevi umekufikisha kwenye wazimu wenyewe, wa muda au wa kudumu. Vilevile mahakama inaweza kuutazama ulevi inapojiuliza kama mtu aliweza kukusudia kuua, na hapo kosa likashuka likawa kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni kifungo cha maisha.

Lakini oneni mzazi anavyofanya bila kujua. Katika mitaa yetu, "mwanangu ameharibiwa na madawa" ni maneno ya kusikitikiwa. "Mwanangu ni kichaa" ni maneno ya kukimbiwa. Basi anachagua lenye aibu ndogo. Kijana aliyekuwa akisikia sauti tangu miaka 16, ambaye muguka aliuanza baadaye labda kuzinyamazisha, anaandikwa mlevi. Baba amemtoa kifungu cha 12 kwa mkono wake, akampeleka cha 13, kwa sababu ya jina la nyumba.

Na la uchawi siwezi kuliruka nikiwa kaunti ya Kilifi. Wazee wetu wanakatwa mapanga kwa kuwa na mvi, wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee kule Ganze, ili wapate pa kulala. Mara nyingine anayeshtakiwa anasema, babu alinirogea mtoto. Mahakama za Afrika Mashariki zilishaamua tangu enzi za ukoloni kwamba kuamini uchawi si wazimu, na mimi nakubaliana nazo. Jambo linaloaminiwa na kijiji kizima haliwezi kuwa maradhi ya mtu mmoja. Tena mara nyingi ukichimba chini ya uchawi unakuta shamba.

Ila mgonjwa wa kweli naye huvaa nguo za kwao. Yule wa Uskoti alisema Tory wanamwandama. Wa kwetu atasema babu amemtumia jini. Wakili mvivu atachukua neno "jini," atalisukuma kwenye uchawi, na faili imefungwa. Linalotakiwa ni kuuliza: wengine walimshuku babu huyu pia, walikuwa na kesi naye kwa mzee wa mtaa? Au ni kijana huyu peke yake aliyekuwa akimsikia babu akimwita kutoka kwenye redio iliyozimwa? Jibu la swali hilo halipo kwa daktari wala kwenye vitabu vyangu. Liko kwenu.

Mama zangu, kuna kifungu chenu, cha 210, na sikisikii kikitajwa. Mwanamke akimuua mtoto wake aliye chini ya miezi 12, na wakati huo akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona athari za kuzaa au za kunyonyesha, kosa lake si la kuua kwa kukusudia. Ni kosa jingine, na adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Sasa sisi mzazi tunamweka ndani arubaini, tunampikia uji wa pilipili manga, tunamkanda, tunamfukiza udi. Akianza kusema mtoto huyu si wangu, wamenibadilishia, tunasema ana jini, atapoa. Mwambieni muuguzi anayekuja kumpima mtoto. Siku hiyohiyo. Na msimwache peke yake na mtoto usiku.

Nitapokea maswali mawili, kisha nimpishe muuguzi.

(Mzee mmoja akauliza: Je, mtu akijifanya kichaa ili aokoke?)

Wapo, mzee wangu, na wanajulikana. Kujifanya saa moja mbele ya jaji ni rahisi. Kujifanya wodini mchana na usiku mbele ya wauguzi waliozeeka na kazi hiyo ni kitu kingine. Mwigizaji hupiga kelele anapotazamwa, akifungiwa mlango analala. Isitoshe nimeshawaeleza anachokipata akifaulu. Mwizi mwerevu hawezi kuiba hicho. Mimi hofu yangu iko kwa mwingine, mgonjwa anayejifanya mzima. Wako wengi. Anaogopa kuitwa kichaa kuliko anavyoogopa kitanzi, na anamkataza wakili wake asiutaje ugonjwa. Hapo wakili anafungwa mikono na mteja wake mwenyewe, na asipotafuta ndugu zake haraka, hana la kufanya.

(Mama mmoja akauliza: Aliyeua na aliyeuawa wakiwa wa tumbo moja, sisi tusimame upande gani?)

Mama, hilo ndilo gumu kuliko yote niliyoyasema. Mgonjwa haendi kutafuta mtu wa mbali. Huumiza aliye karibu naye, mara nyingi yuleyule anayempikia. Sheria haikulazimishi uchague. Shahidi si wa upande, anasema alichokiona. Unaweza kusema, huyu amemuua mwanangu, na ukasema, huyu alikuwa mgonjwa tangu mwaka fulani, na yote mawili yakawa kweli katika kiapo kimoja. Familia ya aliyeuawa ina haki ya kusikizwa kupitia wakili wake, Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inasema hivyo. Kama ndani ya nyumba mmegawanyika, gawanyikeni, kila mtu aandikishe taarifa yake. Msikae kikao cha familia mkatunga maneno ya kusema. Maneno ya kikao yanajulikana.

Na kuna siku nyingine itafika, hiyo watu hawaifikirii. Ametibiwa, ametulia, daktari ameandika anaweza kutoka. Jaji, kabla ya kusaini, atauliza: nani atampokea? Nani atahakikisha anakwenda kliniki, anachomwa sindano yake kila mwezi? Mathari kuna watu ambao ugonjwa uliwaachia zamani lakini hakuna wa kuwajia. Mama, siwezi kukwambia umpokee aliyekuulia mwanao. Ukishindwa, sema umeshindwa, utafutwe mjomba au shangazi wa mji mwingine. Lakini jibu hilo lijulikane mapema, lisitafutwe siku ya mwisho kwa simu mahakamani.

Kabla mambo hayajafika huko, mkiwa na mtu nyumbani anatisha wenzake, nendeni kwa chifu, yuko hapa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliwapa chifu na mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumchukua mgonjwa aliye hatari na kumfikisha hospitali, bila ya shtaka lolote. Mwambieni aandike. Kituoni mchukue nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, muiweke pamoja na kadi. Na mtu akishakamatwa, mwambieni askari anayechunguza, na mwambieni wakili aliyepewa na mahakama, siku ya kwanza, si ya hukumu. Mleteeni kadi, pakiti za dawa hata zikiwa tupu, majina ya waliomwona, hata jina la shekhe aliyemsomea. Shekhe naye ni shahidi.

Muuguzi wa kliniki ya afya ya akili amekaa pale karibu na dirisha, amekuja na daftari lake. Asiyetaka kuonekana akimwendea hapa, amekubali kubaki baada ya swala ya alasiri, na mlango wa nyuma uko wazi. Dada, karibu, chukua nafasi yangu.